Sitamwomba Radhi Mama Mkwe kwa Bakuli la Uji

Mshauri mpendwa, nakusalimu kwa heshima zote, ingawa heshima ndicho kitu ninachoambiwa siku hizi sina, na naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana siku hiyo ndugu wa mke wangu wanakuja kunikalisha kikao ndani ya nyumba yangu mwenyewe, juu ya makochi niliyoyatengeneza kwa mikono yangu, wanieleze kwamba nimeshindwa kulea.

Mimi ni fundi wa makochi, kazi yangu naifanyia barazani, nabandua vitambaa vilivyochakaa, nabadilisha sponji, napiga pini, na mke wangu ni mshonaji kwenye kiwanda cha sare, anatoka asubuhi anarudi jioni, hivyo likizo yake ya uzazi ilipokwisha tulikubaliana mtoto nikae naye mimi, na sioni aibu kusema hivyo ingawa wapo wanaopita barabarani wakaniita yaya. Mtoto wetu wa kike ana miezi kumi, sisi tunamwita Bosi kwa sababu akitaka kitu hanyooshi mkono, anakunja uso tu mpaka umpe. Anatambaa kama anafukuzwa, anasimama kwa kushika mguu wa kochi, anacheka na kila mteja. Ila hanenepi. Alipokuwa ananyonya tu alikuwa na mashavu ya kumsimamisha mtu njiani, lakini tangu tuanze kumpa vyakula uzito umekuwa ukipanda kwa kusitasita, na mara ya mwisho kliniki muuguzi aliutazama mstari kwenye kadi akasema umelala kabisa, kisha akaniuliza mbele ya akina mama wote waliokaa kwenye benchi, "Mama yake yuko wapi? Mbona katumwa baba?" Nikamjibu, "Sikutumwa. Nimekuja na mwanangu." Wakacheka. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili apimwe tena. Sikurudi, na sirudi pale kuchekwa.

Na mtu asiseme mtoto ana njaa, maana uji anapewa, tena mwepesi vizuri ili ushuke, biskuti hazikosekani, na nikiwa na kazi ya mteja mwenye haraka chupa yake ya juisi haimtoki mkononi, ananyonya zake huku mimi nagonga, kwa hiyo anayesema namnyima mtoto chakula namwangalia tu.

Sasa mama mkwe akasikia habari za kliniki, akaja na begi lake kumnenepesha mjukuu. Yule mama nilikuwa nampenda, mshauri, ndiye aliyenitetea nilipokuwa namchumbia binti yake, ndugu wengine wakisema fundi hana kipato cha kuaminika. Akachukua jiko, akachukua na mtoto, mimi nikashukuru nikarudi kwenye kazi yangu. Nikawa nasikia Bosi analia kila wakati wa kula, naambiwa anadeka, nanyamaza. Mpaka siku nilipoingia jikoni kutafuta mkasi, mikono imejaa gundi, nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye stuli, mtoto kamlaza mapajani, mikono yake kaibana kwapani, pua kaiziba kwa vidole viwili, na kila mtoto akifungua kinywa kuvuta pumzi, kijiko cha uji kinaingia. Uji mwingine ulikuwa unampanda puani. Macho yamemtoka.

Nikasema, "Mama, mwachie."

"Usiniingilie, mwanangu. Wote niliwalea hivi hivi, na wako hai."

"Mwachie apumue, mama!"

"Angekuwa anashiba kwako, mimi ningefuata nini hapa?"

Hapo sikujizuia tena. Nikamnyakua mwanangu, bakuli nikalimwaga dirishani, nikasema kwa sauti ambayo jirani aliyekuwa akianika nguo aliisikia neno kwa neno, kwamba katika nyumba yangu hakuna mtoto atakayejazwa uji kama gunia, na kama ndivyo alivyowalea wanawe basi ndiyo maana wengine hawaendi hata kumsalimia. Akaniangalia. Akakusanya nguo zake akaondoka kabla mke wangu hajarudi kutoka kazini.

Sasa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, amepiga simu: "Shemeji, ama umpigie mama magoti, ama mtoto aje akae huku mpaka apate mwili." Mke wangu naye kanyamaza, anarudi, ananyonyesha, analala. Mimi nimeshaapa, sipigi magoti na mtoto hatoki, hata waje na ukoo mzima. Ila nikimwogesha naziona mbavu zake, mshauri, na nikiwa peke yangu roho inaniuma, najiuliza isije ikawa wanasema kweli. Nifanyeje?

Fundi wa Barazani

*

Fundi,

Tuanze na pua, ili shemeji yako naye asome. Mtoto anayelishwa huku amezibwa pua anaweza kupaliwa, chakula kikaingia kwenye mapafu, akafia mapajani pa mtu anayempenda. Asiyepaliwa anajifunza kukiogopa kijiko, na mtoto anayeogopa kijiko hatanenepa kwa mtu yeyote. Ulivyomnyakua ulifanya sawasawa. Usiombe radhi kwa hilo. Mimi nisingeomba.

Lakini shusha mabega kwanza, maana bakuli la mama mkwe umelieleza mpaka vidole, lako umelipita mbio. Uji mwepesi ili ushuke! Huo ni maji yaliyopakwa rangi, fundi. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo. Ukilijaza uji wa maji, juisi na biskuti, linajaa, naye bado hajala. Kochi ukilitia sponji nyembamba ukalivisha kitambaa kizuri, mteja akikaa anagusa mbao. Ndicho unachokifanya kwa Bosi, na unakifanya kwa mapenzi, ndiyo maana hukuona.

Chupa ya juisi iondoke leo. Uji uwe mzito, kiasi kwamba ukiinamisha kijiko haumwagiki, na ndani yake kuwe na kitu: karanga zilizosagwa laini kabisa, kidogo kidogo kwanza uone zinampokea vipi, au mafuta, au yai lililoiva ukaliponda. Mpe maharage yaliyopondwa, samaki uliyemtoa miiba yote, maini, parachichi. Chakula mara tatu kwa siku, na katikati kitu kidogo cha maana badala ya biskuti. Maziwa ya mama yasikatwe. Hayo anayonyonya asubuhi na jioni bado ni chakula chake. Na unapomlisha, weka nyundo chini. Kaa mbele yake, mwache ashike chakula kwa mkono wake ajipake mpaka masikioni. Akigeuza uso, subiri, mpe tena. Akikataa kabisa, ondoa sahani bila ugomvi, utajaribu baadaye.

Na kliniki utarudi. Ni kweli mtoto akianza kutambaa uzito huwa haukimbii kama mwanzo, lakini kupungua kasi si sawa na kusimama. Mstari kulala huweza kuwa ni chakula tu, huweza pia kuwa ni upungufu wa damu, au ugonjwa uliojificha, na mimi siwezi kuuona kutoka kwenye meza hii ya gazeti. Akipata homa, akiharisha, akilegea au akikataa ziwa, usingoje siku ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo. Wakicheka, wacheke. Mtu mzima umeweza kumkatalia mama mkwe jikoni, unakimbia benchi la akina mama?

Uliacha namba ya simu, nikapiga kabla ya kuandika jibu hili. Ulikuwa umepeleka kochi kwa mteja, akapokea mke wako. Nilimuuliza mbona amekaa kimya katika jambo hili. Akanijibu, "Dada, mimi sijakaa kimya. Sijaulizwa. Mama anamvuta mwanangu huku, mume wangu kule, kaka yangu naye anapanga mtoto atalala wapi. Hakuna hata mmoja aliyegeuka akasema, wewe uliyemzaa unaonaje?"

Nikamuuliza anaonaje.

"Mama yangu alinilisha hivyo hivyo. Mpaka leo sinywi uji. Mume wangu alifanya la haki, ila yale maneno ya kumwambia hatembelewi yalimfikia ndani, kwa sababu ni kweli. Na Ijumaa nimeshaomba ruhusa kwa msimamizi wangu, nampeleka mtoto kliniki. Baba yake akitaka kuja, aje. Asipotaka, mimi nakwenda."

Umesikia? Kumbe unaishi na mtu mkaidi kuliko wewe, na hukujua. Ijumaa utabeba mtoto, utakaa naye kwenye lile benchi, na muuguzi akiuliza mama yuko wapi, atakuwa pembeni yako kujibu mwenyewe. Mueleze muuguzi yote, na juisi usiifiche.

Kisha mpigie simu mama mkwe, wewe, bila kumtuma shemeji. Usimtake radhi kwa bakuli. Mtake radhi kwa yale maneno uliyomtupia jirani akisikia, kwa sababu ulitafuta pa kumchoma ukapapata. Mwambie aje amlishe mjukuu wake wakati wowote, wewe ukiwepo, mikono ya mtoto ikiwa huru. Akikataa, utakuwa umefanya lako. Magoti baki nayo.

Jumapili usianze kusema. Mwache mke wako aanze. Maneno anayo tayari, alinisomea kwenye simu kama mtu aliyeyafanyia mazoezi kwenye cherehani, na amenipa ruhusa niyaandike ili kaka yake ayakute gazetini kabla hajafika mlangoni:

"Kaka, mwanangu si mzigo wa kupokezana. Haendi popote. Anayetaka anenepe, aje na mayai."