Septemba Isiyoisha

Jumatatu, 23 Novemba 1998

Wiki ijayo nitatimiza mwaka tangu nitoke nyumbani. Mwaka mzima bila kulala Siakago hata usiku mmoja. Sikupanga hivyo. Nilisema nakuja Meru kubeba magunia mpaka Pasaka.

Leo nilishuka soko la Gakoromone saa ya chakula kumtafuta Celina, yule mama wa kwetu anayeleta ndengu. Ndiye posta yangu. Alikuwa amekalia gunia, akaniambia kabla hata sijamwamkia: Mwaniki amemaliza mtihani wa darasa la nane. Vijana wa rika lake watatahiriwa Jumamosi tarehe 19 Desemba, pale dispensari. Mke wangu Wanja anauliza kama nitakuwepo.

Nikamwambia nitakuwepo, kwani nitakuwa wapi?

Celina akasema kaka yangu Nthiga ameshasema kwamba nisipofika, atasimama yeye. Ameshachagua hata mbuzi.

Nthiga si mtu mbaya. Lakini kijana akitoka kwa kisu humtazama kwanza mwanamume aliyemsimamia, na kuanzia hapo yule ndiye atakayesikizwa. Mimi nitakuwa mtu wa kuleta sukari tu.

Kesho nitamwomba Kinoti, mwenye stoo, likizo. Alisema mwenyewe siku ya kuniandika: ukitimiza mwaka, unaenda nyumbani wiki mbili.

Jumanne, 24 Novemba

Nimemwomba. Kinoti ni mtu wa kucheka, lakini kwa kazi hachezi. Tangu anunue kompyuta hasemi neno bila kuiuliza. Akamwita karani wetu, Joyline, amtolee karatasi ya wafanyakazi. Mashine ikalia, ikatema karatasi. Joyline akaikata kichwa kwa makasi, kama kawaida yake, akampa.

Kinoti akasoma. Akanitazama. "Njuki, hapa una miezi tisa."

Nikasema ni mwaka, unaisha Jumatatu.

"Wewe unahesabu kwa vidole. Hii inahesabu kwa stima."

Wote wakacheka. Riungu, mwenzangu wa kubeba, alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la mbolea. Anasema sisi watu wa Embu miezi yetu ni mirefu kwa sababu ya njaa. Nikamwambia mimi si Muembu, mimi ni Mumbeere. Akasema Embu, Mbeere, yote ni nchi ya mawe.

Joyline peke yake hakucheka. Alikuwa anaokota kipande cha karatasi alichokata.

Jumatano, 25 Novemba

Nimechoka. Lori mbili za mahindi.

Asubuhi mimi ndiye hufagia ofisi. Natoa kile kitambaa juu ya kompyuta, nafungua kipanya tumboni, natoa kale kampira na kukwangua unga wa mahindi kwa ukucha. Vumbi la stoo likiingia humo, mshale unakwama kwenye skrini kama punda. Joyline alinifundisha. Alinifundisha pia karata za ndani ya kompyuta. Mchezo wa mtu mmoja! Unapanga nyekundu juu ya nyeusi, hakuna wa kukuibia, hakuna wa kumcheka. Aliyeutengeneza alijua kuna watu kama mimi.

Jioni Joyline akiwahi gari huniachia kuzima. Unabonyeza pale chini, unangoja, yanakuja maandishi ya rangi ya chungwa. Joyline alinisomea: yanasema sasa ni salama kuzima. Huwa nakaa nayo kidogo kabla ya kuzima. Hapa Meru hakuna mwingine anayeniambia chochote cha salama jioni.

Jumatatu, 30 Novemba

Nimejua.

Nilikuwa bado nafagia Joyline alipowasha. Badala ya ukurasa wa kawaida kikaja kisanduku cheupe katikati, na programu ya wafanyakazi ikakataa kufunguka. Nikadhani nimeharibu kwa ufagio. Yeye hakushtuka. Akapeleka mshale kwenye saa, ile pembeni chini. Akabonyeza mara mbili. Ikatoka kalenda ndogo. Akaishusha kutoka Septemba 30 hadi Septemba 1. Akafungua programu tena — ikakubali!

Nikauliza, "Joyline, leo ni Septemba?"

Akaruka. Alisahau kuwa niko. Kisha akafunga mlango na kuniambia yote, kwa sauti ya chini, akichezea makasi.

Yule kijana wa Nairobi aliyeuza kompyuta aliacha disketi za programu mbili. Moja ni ya zamani, skrini nyeusi tupu, herufi nyeupe, kipanya hakifanyi kazi ndani yake. Lakini ni ya bure milele. Nyingine ni ya Windows, ina rangi, ina vitufe, ina picha ya mtu amebeba mzigo. Hiyo ni ya kujaribu siku thelathini, halafu unalipa ama inajifunga. Kinoti aliona rangi. Joyline alikuwa na wiki moja tu kazini, alitaka apendeke. Akamwambia hii nzuri pia ni ya bure.

Siku thelathini zikaisha. Rafiki yake wa chuo akamfundisha kuirudisha saa nyuma. Kwa hivyo kompyuta ya Kinoti haijawahi kutoka mwezi wa tisa. Ndiyo maana anakata kichwa cha karatasi. Tarehe iko hapo.

Na ndiyo maana nina miezi tisa.

Akasema, "Baba Mwaniki, tafadhali." Hilo tu.

Jumanne, 1 Desemba

Mwaka umetimia leo. Nimekuwa nikibeba magunia na kusema moyoni, mwaka, mwaka. Hakuna aliyejua ila mimi na kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya ng'ombe.

Jumapili, 6 Desemba

Mvua. Stoo imefungwa, nimebaki chumba cha nyuma na panya wa kweli.

Nilienda kanisani, nikakaa nyuma. Wimbo ni ule ule wa kwetu lakini maneno ni ya Kimeru, na Kimeru ni kama Kimbeere kilichovaa koti la mtu mwingine. Unakielewa, lakini hakikukai. Baada ya ibada watu wanasimama wawili wawili. Mimi nilisoma matangazo mlangoni, hata ya akina mama.

Nikirudi nilifikiria hivi: nikimwambia Kinoti "tazama saa ya mashine yako," nitapata likizo dakika hiyo hiyo. Ni ukweli, si uchongezi. Lakini Kinoti hawezi kuvumilia kuchekwa, na ataona alichekwa miezi mitatu. Joyline atatoka na mkoba wake saa ile ile. Alizunguka mji huu na cheti miaka miwili kabla ya kupata kiti. Na ndiye mtu pekee hapa anayeniita kwa jina la mwanangu.

Jumatano, 9 Desemba

Celina amekuja tena. Wanja amesema hatatuma mtu mwingine kuniuliza. Mwaniki naye ametuma neno lake mwenyewe — mara ya kwanza. Amesema: "Mwambieni baba nikiona si yeye, sitalia, lakini nitajua."

Sikuweza kula.

Nilirudi stoo nikamwambia Joyline aweke ile programu nyeusi ya bure. Aiweke leo, aseme ya rangi imeharibika, saa irudi mahali pake. Akasema kila kitu kiko ndani ya ile ya rangi, akikihamisha itamchukua mwezi wa kupiga kwa mkono, na Kinoti atauliza kwa nini. Nikamwambia basi mimi nitamjibu! Nilipaza sauti. Nilimwambia amempa mtu mwingine mtoto wangu kwa sababu ya vitufe vya rangi.

Alilia. Nikaenda kubeba.

Jioni aliondoka bila kuniachia mashine niizime. Aliizima mwenyewe.

Ijumaa, 11 Desemba

Joyline aliniita kabla ya Riungu kufika. Macho yamevimba. "Kaa hapa," akasema, na akanipa kiti chake! Akanionyesha mahali anapotia alama ya tiki kwa kila mtu aliyekuja kazini. Leo kwenye mashine ni Septemba 12. Tiki ya Njuki ipo tayari. Na kesho, na kesho kutwa. Mpaka Septemba 30.

Sikuelewa. Akaeleza polepole. Hizi siku nimeshazifanya. Nilizifanya mwezi wa tisa wa kweli, nikazifanya tena mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Akirudisha saa nyuma, alama hazifutiki. Wiki hizi zote yeye hatii tiki yoyote, anazikuta zimo.

"Kwa hivyo ukienda nyumbani," akasema, "mashine itasema uko."

Na Kinoti? Kesho baada ya sherehe ya Jamhuri anaenda Timau kwa ngano yake. Mpaka Krismasi atakuja Jumamosi tu kuchukua karatasi, na Jumamosi hashuki hata garini, anapiga honi apelekewe.

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Miezi mitatu hapa nimekuwa nikihesabiwa kuwa niko, na kule nyumbani nikihesabiwa siko. Sasa hesabu zigeuzwe tu?

Nilimwambia nitafikiri. Akasema, "Fikiri, lakini usifikirie kama mtu mwenye muda."

Jumapili, 13 Desemba

Bado nafikiri. Sijawahi kutoroka kazi. Baba yangu alifanya kazi kwa Mzungu wa kahawa na hakutoroka hata siku ya kuzikwa mamake, na alijisifu kwa hilo mpaka uzee. Nilipokuwa mdogo niliona ni sifa.

Jumanne, 15 Desemba

Nimemnunulia Mwaniki shuka mpya. Ya buluu. Mwenye duka aliuliza ni ya mgonjwa? Nikasema ni ya mwanamume.

Alhamisi, 17 Desemba

Naenda kesho. Nimemwambia Riungu naumwa jino, nitakuwa hospitali kwa siku kadhaa. Alinitazama mdomo kama anayenunua farasi.

Joyline ameniachia mashine tena. Ameweka maneno yanayopita kwenye skrini mtu asipoigusa: SAFARI NJEMA BABA MWANIKI, yanatoka kulia yanapotelea kushoto, yanatoka tena. Niliyatazama, nikayaondoa asije akayaona mwingine. Kisha nikazima. Chungwa. Salama.

Ijumaa, 18 Desemba

Niko stendi ya Makutano. Nimepata kiti cha dirishani, gari la Embu, bado watu watatu lijae. Naandika juu ya goti. Shuka iko mapajani.

Nimeanza kuandika kwa furaha, sasa imekatika, nitaeleza kwa nini.

Hivi punde Riungu ametokea mbio, jasho tupu, akawa anachungulia gari moja baada ya jingine. Akaniona. Akagonga kioo.

"We Mumbeere! Jino liko Embu?"

(Mara ya kwanza kuniita Mumbeere.)

Akasema Kinoti amekuja. Leo hakwenda kwa ngano, amekuja na lori la mbolea, anataka lishushwe leo. Akauliza Njuki yuko wapi. Joyline akampa karatasi. Kinoti akasoma: yuko. Akasema vizuri, kama yuko, aje ashushe. Joyline akasema niko chooni. Kinoti akangoja. Kisha akasema choo gani hiki cha saa nzima, na akaketi kwenye kiti cha Joyline, mbele ya mashine, na kuanza kubonyeza bonyeza akitafuta nilipo.

"Rudi basi," Riungu akasema. "Ama nishushe lori zima na huu mgongo mmoja?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba kesho kijana wangu wa kwanza anatahiriwa.

Riungu akavua kofia, akapangusa uso nayo, akairudisha.

"Mbona hukusema? Mtu wa safari hiyo haambiwi rudi. Hata Kinoti hawezi kusema hivyo, ni Mmeru, naye alitoka kwa kisu."

"Nilimwomba likizo. Sikumwomba hilo."

"Ndiyo kosa lako. Uliomba kama karani."

Labda ni kweli. Labda ningesema neno hilo moja siku ile ya kwanza, mbele ya wote, angekunja ile karatasi akaniambia nenda. Sikutaka mtu wa hapa ajue kilicho changu. Nimekaa mwaka mzima nikilinda upweke wangu kama mali.

Nikamwomba aende amwambie Kinoti mambo mawili. La kwanza, niko njiani kwa mwanangu. La pili, akiona saa ya kompyuta iko nyuma, ni mimi niliyeigusa nikipangusa vumbi, Joyline hajui kitu.

Riungu akacheka. "Wewe? Na hivyo vidole?"

"Sema hivyo hivyo."

"Atakufukuza."

"Sema."

Akaniangalia, kisha akapitisha mkono dirishani, akaigusa ile shuka kwa kidole kama anayejaribu kitambaa. Akauliza kijana anaitwa nani. Nikamwambia. Akarudia: Mwaniki. Akaenda. Hakukimbia.

Sasa wamebaki watu wawili gari lijae. Ng'ambo ya barabara naiona pikapu ya Kinoti inatoka upande wa stoo. Inakuja polepole. Ndani ni yeye, na kando yake ni mtu mwingine, sioni kama ni Riungu au Joyline. Kama ni Joyline, kwa nini amebeba mkoba wake?

Makanga anaita. Mmoja tu.

Pikapu imesimama. Sitashuka. Akija hapa dirishani nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, yote mawili.

Nitarudi Jumanne, tarehe ishirini na mbili. Ya ukutani.