Mlango wa Chumba cha Baba

Mishomoroni, 4 Machi 2024

Kaka Garama,

Shikamoo. Hatujambo, ila usingizi umetuhama. Wifi na watoto wazima? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu shemeji yako Ronny amelala, nikiongea na simu ataamka.

Kaka, ni Baba. Tangu akili zimchanganyike, mchana kutwa anaita, "Dorothy! Chai!" Mama tumemzika mwaka wa sita huu. Nikinyamaza anazidisha, basi naitika "abee" hata nikiwa nanyonyesha, ndipo anatulia kidogo. Mlango wa chumba chake ni plaiwudi, ndani mtupu, chini paka anapita. Ronny akitoka zamu ya usiku kiwandani halali. Juzi nusura mashine imkate vidole. Amesema, "Mwezi ukiisha, mzee aende kwa Garama." Nami najua huko atabaki peke yake mkienda shamba. Sikubali. Fundi, nitengenezee mlango wa kuzuia sauti.

Dadako,
Kafedha

Kaloleni, 11 Machi 2024

Dada Kafedha,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo tu. Mtoto ameota meno?

Hiyo plaiwudi ni ngoma, si mlango. Nitakuchongea wa mbao nzito ya mwembe, fremu niizungushie mpira, chini niweke ubao unaogusa sakafu. Pima uwazi juu, katikati na chini; kuta za huko zimepinda kama waliozijenga. Na mwambie shemeji mzee si redio ya kuhamishwa.

Kakako,
Garama

Mishomoroni, 2 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Ulifika salama? Ahsante kwa kazi ya Jumamosi. Mlango ukifungwa, hata sufuria ikianguka jikoni, chumbani kwa Baba haisikiki. Ronny alilala saa saba mfululizo, akaamka anacheka. Hata mimi nililala, kaka, mchana! Baba nachungulia kila mara. Amekaa kitandani, kimya. Nadhani naye amepata raha. Habari ya kumleta Kaloleni haisemwi tena.

Dadako,
Kafedha

Mishomoroni, 6 Mei 2024

Kaka Garama,

Shikamoo. Mgongo wako waendeleaje? Hali yetu si njema, sitakuficha.

Baba haiti tena. Nilianza kuuacha mlango wazi, hakuita. Jumatano nikamwambia Ronny, "Leo tunaung'oa."

"Na mimi nilale wapi?"

"Lala na kelele. Huyu ni babangu."

Akashika bisibisi. Siku ya tano leo, na kelele hakuna. Chai nampelekea bila kuombwa. Anakunywa nusu, anasema ahsante kama mgeni.

Usijilaumu, kazi yako haina kasoro. Aliita mlango umefungwa, hakusikia "abee" wala mtu nyumbani; ni mimi niliyeona kimya nikaita raha. Njoo Jumapili, pengine sauti yako ataijua.

Jana nilikaa miguuni pake, nikaitika mwenyewe, "Abee, Baba." Alinitazama sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama aliyeogopa kusikika, "Mama, wenye nyumba wamerudi lini?"

Dadako,
Kafedha