Mchuzi wa Boksi na Chungu cha Harusi ya Gisèle

Rubondo, Nakivale,
Jumapili, tarehe 4 Agosti 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Alida,

Miezi minne! Kutoka kwako Kakiika mpaka hapa ni safari ya asubuhi moja, na weye mwenye miguu miwili mizima umenikalia miezi minne kama vile nimeshazikwa na nyasi zimeota juu. Hata kuku akipotea hurudi jioni kuangalia kama banda lipo. Umesikia? Haya, sasa nakusalimu.

Hujambo? Mumeo Meddy hajambo? Na Prince, jino lake limeng'oka au bado analitikisa kwa ulimi mchana kutwa? Miguu yako ingali inavimba kwa kusimama kazini? Itie kwenye maji ya chumvi, usingoje kuambiwa na daktari. Miye nipo. Goti linauma, lakini goti halijawahi kuua mtu.

Anayeandika ni Mukamurenzi, jirani yetu wa karibu na bomba, maana miye kalamu sikuijua tangu kuzaliwa. Ameapa kwa rozari yake kwamba atakayoyasikia hapa hatayafikisha bombani. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinisafishe maneno.

Alida, najua kwa nini huji. Ni ile Pasaka. Ulikuja na pakiti zako za mchuzi kutoka supamaketi unakofanya kazi, zile ambazo maboksi yamebonyea na wanawauzia wafanyakazi kwa bei ya chini. Ukachemsha, ukapakua juu ya wali, ukanipa miye wa kwanza. Nikaonja, nikasema mbele ya wanawake wote wa jirani: "Huu ni mchuzi wa mtu asiye na kwao." Wakacheka. Weye uliosha sahani, ukaziinamisha zikauke, ukapanda gari ya jioni.

Neno lile lilikuwa baya. Kwa watu kama sisi, tuliovuka mpaka na sufuria kichwani, halisemwi hata kwa utani. Nalirudisha. Sitalirudisha mara mbili, kwa hiyo lipokee mara hii moja.

Sasa sikiliza yaliyonipata, maana tangu mwezi wa tano sikai nikatulia. Naketi, nainuka. Nafagia uwanja ambao nimeshaufagia.

Nilishikwa na homa, siku kumi na mbili. Jirani yangu Gaudiose ndiye aliyenitunza, ameniogesha kama mtoto mchanga. Homa ikaondoka, ikaondoka na pua yangu. Mafua sina, pua haijaziba. Nakata kitunguu, machozi yanatoka, lakini harufu hakuna, ni kama kunusa ukuta. Siku moja nilikuwa nimekaa kando ya jiko nachambua mchele, Gaudiose akaja mbio kutoka kwake: "Mama Apollinarie! Maharage yanaungua mpaka kwetu tunakohoa, na weye umeyakalia hapo hapo!" Nikamjibu kwamba nilikuwa nasali. Mungu anisamehe, nilikuwa nachambua mchele.

Weye unajua mchuzi wangu. Mama wa mtaa wa Buyenzi, kule kwetu, aliyenifundisha, nilipokuwa msichana wa kufua kwake, hakuwa na kijiko cha kupimia. Binzari inakaangwa mpaka inukie kama njugu, na ukichelewa kidogo tu inakuwa chungu, umekwisha. Kitunguu kinageuka harufu kabla hakijageuka rangi. Kazi yote ni ya pua, mkono unafuata tu. Bila pua miye ni mwanamke anayekoroga.

Mwezi wa sita Gaudiose akaniomba nipike kwenye komunyo ya kwanza ya Thaddée, kitinda mimba wake. Ningekataaje? Chini ya kitanda changu kulikuwa na pakiti zako saba zilizobaki tangu Pasaka. Nilizikata kwa kisu nyuma ya jiko, nikamimina zote kwenye chungu cha mbuzi, maboksi nikayatia motoni. Watu wakalamba vidole. Gaudiose akasimama na sahani yake akapaza sauti: "Tangu tufike kambi hii, huyu mama hajapika kama leo!"

Miaka tisa nimempikia kila sherehe yake, Alida. Miaka tisa! Na alichosifu kimetoka kwenye boksi lililobonyea. Nilicheka pamoja nao, meno tu.

(Mukamurenzi anacheka mpaka kalamu inamtoka. Andika, mama, usicheke.)

Nimeufikiria sana mchuzi ule wa boksi. Nitakuambia ukweli: hauna siku mbaya. Wangu unazo. Kuni zikiwa mbichi, mbuzi akiwa mzee, nikiwa nimegombana na mtu, utaonja yote mdomoni. Wa boksi ni ule ule Jumatatu, ule ule Ijumaa. Na mtu aliyesimama tangu asubuhi akipanga vitu kwenye rafu, nani atamwambia asimame tena jikoni? Kula na mume wako, hakuna dhambi. Lakini boksi halijui nani anakula. Halijui kwamba Gaudiose ana vidonda vya tumbo, hapaswi kuwekewa pilipili. Usiku ule wa komunyo aliumwa mpaka asubuhi, naye akadhani ni soda. Miye nikanyamaza. Hilo ndilo linaloninyima utulivu, hata kuliko pua.

Sasa Gisèle, binti yake mkubwa, anaolewa Jumamosi ya tarehe 24. Wakwe wanatoka Biharwe. Gaudiose amekuja na mbuzi wawili amewafunga mlangoni kwangu, anasema, "Ule ule wa komunyo, mama, usinibadilishie." Ningeweza kukuagiza pakiti thelathini, na hakuna ambaye angejua. Lakini mtu aliyeniogesha sitamdanganya mara ya pili, tena siku ya mwanawe. Nimemwambia mchuzi utakuwa mwingine na hautakuwa na pilipili. Amenuna. Sababu bado sijamwambia. Nitamwambia weye ukiwepo.

Maana hakuna mwingine mwenye pua ya kazi hii. Tangu una miaka mitano, tulipomzika mama yako, ulikaa karibu na chungu changu, ukisema "Bibi, sasa" kabla miye sijasema. Pua ile bado unayo. Pakiti hazijaiua.

Msalimie Meddy, na mama yake Topista kule Endiinzi, umwambie samli yake ilifika na imeisha. Mbusu Prince penye pengo la jino. Mungu awafunikie nyumba yenu, awape chakula na hamu ya kukila.

Fika Ijumaa tarehe 23, kabla hawajachinja. Usipitie kwa mtu. Njoo moja kwa moja jikoni, shika mwiko, miye nitakaa nyuma yako kwenye kigoda. Kitunguu kikigeuka, usininong'oneze. Sema kwa sauti, wanawake wale wale waliocheka wasikie, na wakiuliza nani amepika, jibu weye mwenyewe.

Bibi yako anayekugombeza kwa sababu anakupenda,
Apollinarie