Nyota Niliyoipa Jina la Shemeji

Mbagala, Dar es Salaam

Mdogo wangu Severini,

Habari za huko nyumbani? Mvua imewafikia, au mnaisikia kwenye redio tu kama sie? Mikorosho imechanua? Na Mama, kifua chake kinaendeleaje, na lile goti linalomsumbua asubuhi? Najua ukiuona mwandiko wangu kwenye bahasha utataka kuichana. Usiichane, bwana. Isome japo nusu, halafu ukipenda ukawashie moto. Sie huku tu wazima. Skola hajambo, watoto wanasoma, nami bado nachora mabango, ingawa kazi imepungua sana. Siku hizi mwenye saluni anataka bango la kuprinti, hataki tena mkono wa mtu.

Nakuandikia barua kama mzee wa zamani kwa sababu simu zangu hupokei. Namba yangu uliifungia, nikaazima ya Skola, nayo ukaifungia. Sikulaumu. Barua hii nampa Tekla, binti wa shangazi yetu, anayekuja huko Jumamosi, na nimemwambia akupe mkononi asimame hapo hapo mpaka uifungue. Unamjua Tekla, hataondoka.

Nimekosa, Severini. Nilikukosea wewe na nilimkosea Zuhura zaidi, na ninachokiomba ni kwamba mniruhusu niwe baba mkubwa wa mtoto wenu. Sijui kama ni kitu cha kuombwa kwa karatasi, lakini ndicho ninachokitaka, na nimeona nikiseme mwanzoni usije ukadhani naandika kwa sababu nina shida nyingine.

Unaikumbuka ile chati yangu? Turubai ya futi nane niliyoichora kwa mkono wangu, tukaitundika kanisani kwa ajili ya mafundisho ya siku za mwisho. Ilikuwa na taa saba, farasi wanne, mtini wenye majani mapya, wanawali watano wamelala na taa zimezimika, na juu kabisa nyota, kila moja na maelezo yake. Jumapili mchana watu walikuja na madaftari. Wanaandika kila ninachosema! Mie niliyeishia darasa la saba naitwa mwalimu, na wazee wananipisha kwenye benchi. Kichwa kilivimba, sikufichi. Nikawa siwezi kuona tetemeko kwenye taarifa ya habari bila kutafuta limeandikwa wapi, na kila mfano niliusoma nikijua tayari nani ni ngano na nani magugu. Mie siku zote nilikuwa ngano.

Halafu Mama akanipigia kuniambia Severini anaoa, binti anaitwa Zuhura, ni mwalimu wa shule ya msingi, ametoka familia ya kule kwa kina bibi, Waislamu, watu wazuri. Akasema posa inapelekwa mwezi ujao nami kama mkubwa, kwa kuwa baba hayupo, ndiye nitakayetangulia.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji. Dini haikuniuma. Ingeniumaje? Bibi mzaa mama alifunga Ramadhani mpaka anakufa, nasi wajukuu tulikula Idi kwake na yeye akala Krismasi kwetu, wala hakuna aliyeuliza kitu. Kilichoniuma ni kwamba ulimwambia Mama kabla yangu. Yaani mie kaka mtu, niliyekaa mahali pa baba, napata habari kama jirani. Nikanuna. Na mtu aliyenuna akiwa na Maandiko mkononi anaweza kufanya mambo ya ajabu sana, Severini. Nyota niliitafuta baadaye.

Niliikuta kwenye kitabu cha sayansi cha Jeni, binti yangu. Kimeandika kwamba Zuhura ni ile sayari watu wanayoiita nyota ya asubuhi. Loo! Nikaruka. Maana nabii Isaya anasema juu ya nyota ya alfajiri iliyoanguka kutoka mbinguni kwa kiburi chake, na sie kwenye mafundisho tunasema huyo ni Shetani. Nikaunganisha. Sikuuliza mtu, sikulala nalo hata siku moja. Jumamosi ile nikapanda ngazi na kopo la rangi nyekundu, na pale kwenye nyota inayoanguka, inayoburuta mkia, nikaandika kwa herufi kubwa: ZUHURA. Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu la ukoo siku tatu kabla ya posa, na chini yake nikaandika kwamba mwenye macho na aone.

Posa nikaikimbia. Mkamchukua jirani, mzee fundi baiskeli, akakaa mahali pangu na kusema maneno yaliyokuwa yangu. Arusi yenyewe, pale bomani, nikaikimbia pia. Skola alikuwa ameshashona sare ya ukoo, kile kitenge cha kijani, kinamkaa vizuri kweli. Nikamkataza. Alikaa kitandani na lile gauni mapajani, akaniambia, "Baba Jeni, siku moja utanieleza hii nyota imekukosea nini." Nikamwambia haya mambo ni ya rohoni, hawezi kuyaelewa.

Na kuna ile simu. Huenda hata wewe hukuambiwa. Siku moja kabla ya arusi Zuhura alinipigia mwenyewe. Akasema, "Shikamoo, kaka." Nikakaa kimya. Akarudia, "Shikamoo," taratibu, kama anayedhani mtandao mbovu. Nikakata. Sikumwitikia marahaba, Severini. Hata mlevi wa barabarani akikupa shikamoo unamwitikia.

Miaka mitano imepita hivyo. Nimefundisha, nimepigiwa makofi, kumbe naumwa mahali nisipopajua. Mwaka huu ndipo nimeshikwa. Nilikuwa naandaa somo la mwisho la kitabu cha Ufunuo, nachanganya rangi, Skola ananisomea kwa sauti. Kufika sura ya mwisho kabisa akanyamaza. Akasoma tena. Kumbe pale Bwana mwenyewe anasema yeye ndiye nyota ya asubuhi, ile yenye kung'aa. Skola akaniangalia.

"Baba Jeni, hii nyota si ndiyo ile uliyomwandika shemeji?"

"Hiyo ni nyingine."

"Nyingine ipi? Za asubuhi ziko ngapi?"

"Wewe hujui Kigiriki."

"Na wewe unakijua tangu lini?"

Akaanza kucheka, mwenzangu, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikaisha na akaona machozi yangu. Maana mstari ule sikuwa siujui. Nimeusoma mara ngapi? Ni kwamba mwaka ule sikuutaka. Nilitaka nyota ya kuanguka, nikaiokota.

Wiki hiyo hiyo nikapangiwa kufundisha mfano wa arusi ya mwana wa mfalme. Mie siku zote naufundisha nikiwa upande wa watumishi wanaotumwa kualika, nawahurumia wale waliokataa, mmoja kaenda shambani kwake, mwingine kwenye biashara yake. Safari hii nilisimama mbele ya watu nikashindwa kuendelea. Hakuna mtumishi pale, Severini. Mie ndiye niliyealikwa. Arusi ilikuwa ya mdogo wangu wa tumbo moja, mwaliko ulifika, na udhuru wangu ulikuwa mbaya kuliko wa shamba. Nikawaambia hivyo hivyo, nikafunga Biblia nikashuka. Wengine walidhani ni upako. Mchungaji amekasirika mpaka leo, anasema nimewachanganya kondoo.

Bado naamini Bwana atarudi, usije ukafikiri nimeacha. Ila jinsi nilivyokuwa naangalia juu, angenikuta sijui hata mtoto wa ndugu yangu anaitwa nani.

Nilijaribu kulifuta lile jina kwenye chati. Nikapiga nyeupe mara moja, mara mbili. Nyekundu ile ya mafuta ina tabia ya kuvuja juu, kesho yake neno likaonekana, la waridi. Basi nikaishusha turubai yote nikaikata.

Sasa nakuja kwenye hili la mwezi huu. Mama alinipigia akiwa na sauti ya mtu anayevunja ahadi. "Longino, nilikatazwa nisikwambie, lakini mke wa mdogo wako yuko huko Dar wiki ya tatu. Mtoto anatibiwa mguu." Nikauliza amefikia wapi. "Vingunguti, kwa shangazi yake." Wiki tatu, na mie niko Mbagala na chumba cha wageni kipo! Asubuhi yake nikavaa, nikaenda Mwananyamala hospitalini ambako Mama alisema wanabadilishiwa plasta.

Nilimjua kwa ile picha ya arusi ambayo Mama aliitundika. Amekaa kwenye benchi, mtoto mapajani, mguu mmoja mweupe wa plasta mpaka kwenye goti. Nikajitaja. Hakushtuka. Hakunipa shikamoo pia. Alisema, "Habari yako," kama unavyomsalimu mtu wa dirisha la dawa, na akasogea kidogo nipate kukaa.

Nikaanza kusema. Nilikuwa nimepanga maneno, yakaja ovyo ovyo, Isaya, kitabu cha sayansi, rangi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, mie nilizaliwa alfajiri. Bibi yangu akatoka nje kumwaga maji, akaiona ile nyota, akarudi akasema huyu ni Zuhura. Basi. Hakuna kingine." Halafu akasema, "Severini alilia siku ile ulipotuma ile picha. Mie nilikasirika tu, lakini yeye alilia." Akageuka kumfuta mtoto kamasi, na nikajua mazungumzo hayo yameisha.

Mtoto ananikodolea macho. Ana paji la uso la baba yetu, lile lile! Akauliza, "Mama, huyu nani?"

Zuhura akamweka mtoto vizuri mapajani. Nadhani alitafuta neno ambalo si uongo. Akasema, "Msalimie anko."

"Shikamoo, anko."

Nikaitika marahaba. Severini, ndugu yangu, muuza maji ni anko. Dereva wa bodaboda ni anko. Mie nimezaliwa na baba yake tumbo moja, nimekubeba wewe mgongoni kwenda zahanati ulipoungua na uji, nami ni anko. Na Zuhura hakusema vibaya, ndilo jina nililojipatia.

Mtoto akaniona kalamu ya rangi mfukoni, akataka nimchoree kitu kwenye plasta. Nikamuuliza nichore nini. Akasema, "Kuku." Namshukuru Mungu hakusema nyota. Nikamchorea kuku na vifaranga wanne, mpaka wakaitwa ndani. Nadhani wamesharudi huko na ameshakuonyesha. Kama utataka kuwafuta nitaelewa, ila yule kuku nilimchora vizuri kuliko bango lolote la mwaka huu.

Nisalimie Mama, mwambie sikukasirika kwa kunificha na tena ahsante kwa kushindwa kunificha. Msalimie mzee fundi baiskeli aliyekaa mahali pangu, mwambie nashukuru kwamba palikuwa na mtu. Wasalimie shangazi na majirani wote wa upande wa kisimani. Kwa Zuhura, tafadhali mwambie shikamoo yake ya siku ile niliisikia, na marahaba ninayo, imechelewa miaka mitano.

Na yule mdogo, nilisahau kumuuliza jina nikaona aibu kurudi. Mpe salamu zangu. Akikuuliza ni salamu za nani, utamjibu unavyoona mwenyewe. Akiendelea kuniita anko, nitaitika.

Ni mimi niliyekosa,
kaka yako Longino