Nafasi ya Felista

Mjukuu wangu Yustina,

Marahaba. Hapa Izia tu wazima, ila mguu wa babu yako bado unavimba. Barua yako haikunipendeza. Eti uache chuo kwa sababu una mtoto mchanga?

Enzi za vijiji vya ujamaa, wifi yangu Felista alitushinda wote katika kisomo cha watu wazima. Ikaja nafasi moja ya chuo, na kamati ya kijiji ndiyo ya kupendekeza mtu. Mwenyekiti akatukuta shambani tukifukia majani kwenye matuta.

"Mama Joseph, wifi yako anafaa?"

Felista alikuwa ameinama kwenye tuta la pili, mtoto mgongoni. Nikajibu, "Akili anayo. Lakini ananyonyesha, na matuta yake atalima nani, wewe?"

Wanawake wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akaenda zake. Nafasi akapewa mtu mwingine.

Felista hakuniuliza kitu. Aliendelea kufukia majani. Mwaka uliofuata alinifundisha kuandika, jioni kwa jioni, mpaka nikaweza, na hakuniuliza. Mpaka tunamzika, hakuniuliza. Mimi na kiburi changu sikumwomba radhi.

Siku ile ningeweza kusema, "Aende, mtoto nitabaki naye." Nyumba zetu zilitazamana. Wazo hilo halikunijia kabisa.

Basi nakwambia wewe, na usinibishie: mlete mtoto, urudi darasani. Uji wa ulezi upo.

Bibi yako, Mama Joseph