Airisi za Mama Zimeoza

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Hujambo wewe, wifi yangu na watoto? Kile kifua chako kimepoa? Natumaini unameza dawa mpaka zinakwisha, maana wewe ukipata nafuu kidogo tu unajiona daktari.

Mimi ni mzima, ila kiuno kinaniuma kwa kuinamia cherehani. Mama si mzima. Sitakuzungusha, maana mficha maradhi, kifo humuumbua. Tangu barua yangu iliyopita hajashuka kitandani, na macho yake sasa yanaona mwanga wa dirisha tu. Chakula ni vijiko viwili, kisha anageukia ukutani. Muuguzi anayekuja kila Jumanne siku hizi ananiambia, "Tumwombe Mungu," nawe unajua muuguzi akifika hapo maana yake nini.

Kila asubuhi swali la Mama ni moja: wazee wamefunguka? Bado anaziita hivyo airisi zake, yale maua ya bustanini, kwa ajili ya zile ndevu za manjano zinazoota kwenye petali. Wewe ndiye uliyemwandikia kwamba utakuja zikichanua. Basi anazingoja kuliko anavyoingoja dawa.

Sasa nikuungamie. Mwezi uliopita niliingia bustanini nikakuta vile viazi vya airisi zake, vinavyofanana na tangawizi, vimelala juu ya udongo migongo wazi. Mama ametuambia tangu utotoni viachwe vivyo hivyo viote jua, na maji yawe kidogo. Lakini mimi ni fundi nguo, kitu kikiwa uchi mkono wangu hautulii. Nikavihurumia. Nikavifukia kwa udongo na samadi, nikawa navimwagilia asubuhi na jioni.

Baada ya wiki mbili majani yakalegea. Nilipovuta la kwanza likaja lenyewe mkononi, na chini yake kiazi kimekuwa uji unaonuka. Nikafukua cha pili, cha tatu, mstari wote ule ulio chini ya dirisha lake, nisipate hata kimoja kigumu. Mama alikuwa akivigawa na kuvipanda upya kila baada ya miaka mitatu, tangu kabla hujazaliwa. Mimi nimevimaliza kwa wiki mbili. Nililia pale pale chini mpaka jirani akaja mbio, akidhani Mama ametutoka.

Sikumwambia. Nilimdanganya kwamba matumba yameanza kutokeza, akafurahi, akala vijiko vinne. Uongo ukishamlisha mgonjwa, utauachaje? Kesho yake nikaongeza matumba mengine. Nilijiona mwizi, lakini niliendelea.

Jana nilikuwa nikikusanya mabaki ili niyachome, nikaitwa ndani kumgeuza. Nilinawa, ila si vya kutosha. Alinishika mkono, akaupeleka puani, akaunusa.

"Umevifukia, mwanangu," alisema.

Nikasema ndiyo. Nilitaka anigombeze, ningepumua. Hakunigombeza. Alivuta shuka, akasema, "Mdogo wako asijue. Akijua hakuna maua, hatakuja."

Nimemwasi kwa kukuandikia haya, na sijutii. Nina hasira nawe, nina hasira zaidi na mikono yangu. Airisi hazipo tena. Mama yupo, leo. Panda gari la kwanza utakaloliona.

Mpe wifi yangu salamu, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka, magauni yao yako tayari. Mjomba fundi saa naye anakusalimu. Mungu akufungulie njia, akufikishe kwetu ukimkuta Mama anapumua.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye hata nikiwa na hasira.