Mwenyekiti Aliyemtia Mbwa Wake Shampuu

Shangazi Impi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye banda la kuni, maana mke wangu Maire anajua nusu ya habari hii na nusu nyingine namwonea haya, na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na ukiichapa barua hii tafadhali ubadilishe majina, ya watu na ya mbwa pia, kwa sababu huku kwetu Kainuu, kwenye misitu ya kaskazini, watu hutambuana kwa majina ya mbwa kabla ya majina ya ukoo.

Mimi ni mwenyekiti wa chama chetu cha mbwa wa kuwindia ndege, hawa wekundu wetu wenye masikio wima na mkia uliojikunja mgongoni, na kwa miaka kumi na minne nimesimama katika kila mkutano mkuu nikiipinga sheria ya ubingwa wa pande mbili, ile inayosema mbwa hata akishinda msituni mara tatu, jina lake halichongwi kwenye bamba la shaba pale ukumbini mpaka aende pia kwenye onyesho, atembezwe juu ya zulia na mwamuzi aseme umbo lake ni zuri, na wale wa maonyesho nao mbwa wao hachongwi mpaka aingie msituni amtafute metso, yule jogoo mkubwa mweusi wa porini, ambwekee mtini bila kuchoka mpaka mwindaji afike. Nimesema ni uonevu, nimesema ni gharama isiyo na kichwa wala miguu, petroli ya kilomita mia mbili na hamsini, kiingilio, hoteli isiyotaka mbwa mwenye matope, na siku nzima ya kazi imekwenda, yote hayo ili mtu wa kusini mwenye skafu ya hariri amfunue mbwa wangu meno na kumchungulia nyuma. Nimewaita watu wa maonyesho wasusi. Kuna mwaka nilimwambia Tellervo, aliyekuwa mpishi wa shule yetu na sasa kastaafu anafuga mbwa wa maonyesho, nilimwambia mbele ya ukumbi mzima, "Mama, mbwa wako akimwona metso atamwomba kitana," watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na mimi nikacheka kuliko wote.

Sasa kuna rafiki yangu Oiva. Tumewinda naye tangu sote tulipokuwa na nywele kichwani, na ana jike lake anaitwa Halla, na Shangazi, nakuapia, sijawahi kusikia mbwa anayebweka vile, waamuzi wa msituni huhesabu mibweko kwa dakika, basi mara moja mwamuzi aliacha kuhesabu, akavua kofia, akasimama tu kwenye theluji anasikiliza. Halla ameshinda mara tatu na zaidi, lakini mkia wake haujikunji, unaning'inia kama soksi iliyolowa, na kifuani ana doa jeupe la ukubwa wa sahani, akapelekwa kwenye onyesho mara mbili na mara mbili akarudi na alama ya "anaridhisha", ambayo haitoshi, na kwenye ile karatasi ya pili mwamuzi aliandika, "Mkia umekosa furaha," Oiva akaibandika kwenye mlango wa choo chake cha nje ili kila mgeni aisome akiwa ametulia.

Kwa hiyo vuli iliyopita, tukiwa saunani kwake, tuliandika hoja kwamba mbwa aliyeshinda msituni mara tatu achongwe jina lake bila kuulizwa habari za mkia, mimi ndiye niliyetunga maneno na Oiva akayaandika kwa mwandiko wake mbaya, na tukapeana mikono.

Wiki mbili baadaye mbwa wangu Repo akashinda msituni mara yake ya tatu.

Sijui niliingiwa na nini. Nilimtazama uani, mkia wake umejikunja barabara, manyoya yanawaka jua la Oktoba, nikajisemea hebu nione tu, na mwezi wa kwanza nikamwambia Maire nakwenda Rovaniemi kununua mkanda wa pikipiki ya theluji, alfajiri ya safari nikamwosha Repo kwa shampuu ya Maire ile ya nywele zilizotiwa rangi, nilikuwa nimeshafanya naye mazoezi zizini kwa siku kumi, tunakimbia kwa hatua ndogondogo kondoo wanatutazama, mimi mwanamume wa miaka sitini na moja. Na pale Rovaniemi, kwenye ukumbi wa onyesho, nikiwa nimejificha pembeni mbwa bado kalowa, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mwenyekiti! Umepotea njia? Metso hawako humu."

Tellervo, na draya mkononi.

"Nimemsindikiza mtu," nikasema.

"Naona. Na huyo mtu umemwosha vizuri mpaka masikio. Hebu mgeuze nimkaushe tumbo. Utaingiaje uwanjani na mbwa mwenye tumbo bichi, mwanaume mzima huoni aibu?"

Akamkausha Repo tumbo, Shangazi, akamchana na manyoya ya mapajani, na alipomaliza akaniambia, "Mimi sisemi kitu. Wewe ndiye unayependa kusema mikutanoni." Na mwamuzi akampa Repo "bora kabisa", nikapewa utepe, watu wakapiga makofi, na nitasema ukweli wote, niliona raha, nikatokwa na machozi mbele ya watu wenye vitana, na kwa furaha ileile nikamtumia katibu wetu karatasi ya matokeo, ili Repo achongwe, siku hiyohiyo nikiwa bado kwenye maegesho, halafu nikafika nyumbani bila mkanda wa pikipiki, na ndivyo Maire alivyopata nusu yake ya habari.

Jumamosi ni mkutano mkuu. Kwanza katibu atasoma mabingwa wapya wa pande mbili, na yuko mmoja tu, Repo, wa kwanza baada ya miaka kumi na moja, halafu hoja yetu itasomwa. Ikipita, bamba litajaa mbwa wa kila mkia na itaonekana nilikimbia bure juu ya zulia lile, na isipopita, Halla ndiyo basi. Na sikufichi, nimeanza kuona kwamba ile sheria ina busara yake, si vizuri tukafuga mbwa bila kuangalia umbo, ukifikiri kwa utulivu.

Wiki iliyopita Oiva alikuja na ile karatasi ya hoja yetu, akaiweka mezani, akasema, "We mzee, hoja isome wewe. Mimi sauti yangu haifai." Nikasema nitaangalia ratiba. Akamkuna Repo shingoni, akasema, "Siku hizi ananukia kama bibi harusi huyu." Nikacheka sana. Yeye hakucheka, akanywa kahawa nusu kikombe, mkate wa iliki hakuugusa, akaenda zake.

Ninachouliza ni hiki: je, ni vibaya nikiomba hoja iahirishwe hadi mwakani na tuunde kamati ndogo ya kuichunguza vizuri, ili pasiwe na mtu wa kuumia?

Ni mimi,
Mwenyekiti wa Bandani, Kainuu

*

Mwenyekiti,

Majina nimeyabadilisha, ingawa nimejisumbua bure, maana katika Kainuu nzima ni mwanamume mmoja tu aliyekimbia mbele ya kondoo mwezi wa kwanza, na majirani zako wana madirisha.

Nianze na mbwa, maana yeye hana kosa. Shampuu ya nywele za rangi usimtie tena, inaharibu manyoya ya juu na inanuka hadi Pasaka. Maji matupu yanatosha, siku tatu kabla ya onyesho. Tellervo angekufundisha hayo miaka kumi na minne iliyopita kama ungemwacha amalize sentensi moja.

Ulilia uwanjani. Hilo silicheki. Mtu anayemlilia mbwa wake aliyesifiwa ni mtu bado, na Repo kama kweli ni mzuri, ni mzuri, mwamuzi hakumpendelea. Ungerudi siku ile moja kwa moja kwa Oiva, na utepe mkononi, ukamwambia "Nimekwenda, nimeshinda, nicheke," leo mngekuwa mnachoma soseji saunani na mimi ningekuwa najibu barua ya mtu mwingine. Lakini wewe ukaanza kuigundua busara ya sheria. Miaka kumi na minne busara hiyo ilikuwa imelala wapi? Iliamka Rovaniemi, saa nane mchana, mbwa wako alipopewa utepe!

Sasa shika kiti. Matokeo ya kila onyesho huwekwa mtandaoni jioni ileile, jina la mbwa na jina la mwenye mbwa. Wewe unajua hilo, kwa sababu watu wa aina yako huyasoma kila Jumapili wapate wa kuwacheka. Ukasahau tu kwamba safari hii humo limo na jina lako. Oiva amejua tangu mwezi wa kwanza, kabla hujafika nyumbani bila mkanda wako. Amekaa na habari hiyo wiki nzima, mwezi mzima, zaidi, anangoja umwambie. Hukumwambia. Basi akavaa koti, akaja kwako, akaweka karatasi mezani na kukupa njia ya kusema: isome wewe. Mtu anayebandika vichekesho kwenye mlango wa choo hashindwi kusoma karatasi mbele ya watu. Akakupa na ya pili, ya bibi harusi, akaiweka mbele ya pua yako kabisa. Wewe ukacheka sana. Bwana wee, hata Repo alielewa.

Kuhusu haki ya sheria yenyewe, nitakuudhi zaidi. Mimi ningeipigia hoja yenu kura ya hapana. Nimefuga hawa wekundu kabla wewe hujaoa, na nimeona nchi nyingine walivyotenganisha mambo: upande huu mbwa wa kutazamwa wasiojua ndege ni nini, upande ule mbwa wa kazi ambao ungedhani ni mbweha aliyegongwa na gari. Sheria ya pande mbili inauma kote, na ndiyo dawa yake. Unalilia petroli ya Rovaniemi. Umewahi kumuuliza Tellervo anatumia nini? Yeye hana bunduki. Kila vuli humbembeleza mwindaji mmoja amchukue mbwa wake msituni, humjazia chupa ya kahawa na tangi la gari, halafu hukaa barabarani kwa saa tano kwenye baridi akisikiliza kama ule mbweko ni wa mbwa wake. Na mwindaji huyo anayebembelezwa, nadhani, ni mwanachama wako aliyecheka habari ya kitana.

Kwa hiyo huenda wewe na mimi sasa tuko upande mmoja. Tofauti ni kwamba mimi sikumpa Oiva mkono. Ulimpa, tena maneno ni yako. Kura ni yako, utapiga unavyoona, lakini kusoma umeshaahidi.

Fanya hivi. Kesho nenda kwa Oiva. Repo abaki nyumbani, mikate ya Maire ibaki nyumbani, usiende na kitu cha kujifichia. Mwambie "Nilikwenda Rovaniemi na sikukuambia." Usieleze jua la Oktoba. Akinyamaza, nyamaza naye. Nyinyi watu wa huko mnaweza kunyamaza saa nzima na ikahesabiwa mmezungumza. Akikufukuza, ondoka, na Jumamosi uende mkutanoni vilevile.

Ukumbini, kabla katibu hajafungua mdomo, toka kwenye kiti, mwachie makamu wako. Waambie mwenyewe kwamba bingwa mpya ni mbwa wako na ulimpataje. Watakucheka. Waache wacheke mpaka waishe, umewalisha mzaha miaka kumi na minne, wana haki ya kushiba. Kisha mgeukie Tellervo na umwombe radhi kwa jina lake, mbele ya watu walewale uliomtukania mbele yao, na umshukuru kwa lile tumbo. Halafu soma hoja. Isome yote, kwa sauti, bila kukohoa pale penye mkia. Ikipita, imepita, na jina la Repo litakaa karibu na la mbwa anayebweka kumshinda. Isipopita, angalau mtu alisimama akasema Halla ni nani.

Na ile kamati. Nimeisoma barua yako mara tatu. Umenieleza shampuu ni ya nywele gani, kondoo walitazama vipi, wewe una miaka mingapi, mpaka kikombe cha Oiva kilibaki nusu. Kitu kimoja hukuandika, nikalazimika kukitafuta mwenyewe kwenye daftari wanamoandikishwa mbwa. Halla alitimiza miaka kumi na mitatu mwezi uliopita, na mbwa wa umri huo hakuna anayeahidiwa mwakani.

Sasa niambie tena habari ya kuahirisha.

Shangazi Impi